Kusafisha orodha ya wateja bila kupoteza watu

Kabla hujagusa mstari hata mmoja, nakili faili lote, liandike tarehe, liweke kando. Kila orodha ninayokabidhiwa naianza hivyo, iwe ndogo au ya maelfu ya watu.

Halafu nenda kwenye namba za simu, maana hizo huharibika kimyakimya. Excel ikikutana na namba inayoanza na sifuri huichukulia kuwa hesabu, na ile sifuri inapotea. Namba ndefu nayo huonekana imefupishwa, yenye herufi E katikati. Kwa hiyo safu ya simu ifanye iwe ya maandishi kabla ya kubandika chochote. Ukichelewa, sifuri zilizopotea hazirudi. Kila namba iandikwe kwa mtindo wa kimataifa uitwao E.164: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, namba yenyewe, bila nafasi wala vistari, tarakimu zisizozidi 15. Hapo marudio mengi yatajitokeza yenyewe, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa ameandikwa kwa namna tatu.

Marudio usiyatafute kwa majina, kwani wenye jina moja ni wengi. Linganisha barua pepe, zote kwa herufi ndogo, kisha simu. Lakini namba ya ofisi hutumiwa na watu kadhaa, hivyo simu peke yake haitoshi kuwaunganisha.

Sasa nakuomba utulie hapa: aliyejiondoa usimfute. Ukimfuta, siku mwenzako atakapoingiza faili la zamani, mtu yule atarudi kama mgeni na kutumiwa tena matangazo aliyoyakataa. Huko ni kumvunjia heshima. Mweke kwenye orodha ya wasiotumiwa, ibaki anwani yake na tarehe aliyojiondoa tu, na kila faili jipya lipitishwe hapo kwanza. Mistari miwili ya mtu mmoja ikipingana, mmoja ukisema anapokea na mwingine amejiondoa, fuata kujiondoa mpaka akuambie vinginevyo mwenyewe. Zaidi ya heshima, tangu Februari 2024 Google na Yahoo hutaka watumaji wa barua nyingi wabaki chini ya asilimia 0.3 ya malalamiko ya barua taka. Hayo ni malalamiko matatu tu kwa kila barua 1,000.

Barua pepe zilizorudi bila kufika, soma msimbo wa kosa unaorudi nazo. Unaoanza na 5 kwa kawaida ni kushindwa moja kwa moja, kama anwani isiyokuwepo: acha kuitumia barua. Wa 4 ni wa muda. Subiri, na ukijirudia kampeni baada ya kampeni, simamisha.

Orodha za kununua sizigusi kabisa. Watu waliomo hawakukuomba chochote, na baadhi ya anwani zilizotelekezwa hugeuzwa kuwa mitego ya kunasa watumaji wa barua taka.

Mwisho, ongeza safu mbili ambazo orodha nyingi hazina: mtu huyu alitoka wapi, na taarifa zake zilithibitishwa lini. Barua pepe ya kazini hufa mwenyewe akihama kazi, na hakuna programu itakayokuambia ameenda wapi. Basi anayepokea simu za wateja aulize kabla ya kuagana, “Barua pepe tuliyonayo ni hii, bado unaitumia?” na abadilishe tarehe papo hapo, mteja akiwa bado hewani.