Wewe ndiye tarishi: jeshi la akiba, chuo na mguu ulioteguka

Nimo katika jeshi la akiba la Marekani, upande wa nchi kavu, mwaka wa nne sasa. Kikosini naendesha malori. Siku za kawaida nasomea uuguzi, na mara tatu kwa wiki usiku nilikuwa napakia mizigo ghalani, mpaka mguu uliponisimamisha. Mtoto wa mama mdogo amejiandikisha majuzi, akanipigia simu: "Dada, wewe unawezaje?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa njiani kwenda darasani. Jibu lenyewe ni hili.

Kikosi, chuo, hospitali, mwajiri na ofisi ya maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, hawasemezani. Kila mmoja anadhani mwenzake ameshaambiwa. Karatasi ikitakiwa kutoka hapa kwenda pale, unaibeba wewe. Wewe ndiye tarishi, na tarishi hana mshahara. Ilinichukua miaka miwili kulielewa hilo.

Kabla muhula haujaanza

Anayekuandikisha atakwambia ni wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili hivi kwa mwaka. Sawa, lakini jifunze hesabu ya ndani. Wikiendi moja huhesabiwa vipindi vinne, viwili Jumamosi na viwili Jumapili, na kila kipindi kinalipwa mshahara wa msingi wa siku nzima. Kwa hiyo unafanya kazi siku mbili, unalipwa nne. Tamu hiyo. Sasa igeuze: ukikosa wikiendi bila ruhusa, umeandikiwa utoro mara nne. Ukifikisha tisa ndani ya mwaka mmoja unaweza kutangazwa kuwa hushiriki ipasavyo, na posho yako ya masomo inakatwa. Tisa ni wikiendi mbili na asubuhi moja ya kupitiwa na usingizi.

Mwaka wa fedha wa jeshi unaanza Oktoba 1, na ratiba ya drili, yaani zile wikiendi za kikosini, ya mwaka mzima huwa inapatikana karibu na hapo. Nikiipata, naitandika mezani pamoja na muhtasari wa kila kozi, natafuta tarehe zinazogongana. Mwalimu namwandikia wiki ya kwanza ya muhula, wala sisubiri wiki ya drili. Barua yangu huwa hivi: "Mwalimu, mimi ni askari wa akiba. Tarehe 14 na 15 Machi nitakuwa kikosini. Jaribio la Jumamosi naomba nilifanye Alhamisi ya kabla yake. Ratiba iliyotiwa saini nimeiambatisha." Basi. Angalia kwamba naomba kufanya mapema. Mwanafunzi anayeomba kufanya baadaye anamwachia mwalimu deni, na hakuna mwalimu anayependa kudai.

Upande wa chuo ukikataa, geukia kikosi uombe kuifanya drili siku nyingine. Wenyewe wanaita RST. Inaombwa mapema, kwa maandishi, na kamanda ndiye anayeidhinisha. Sajenti akikwambia "haina shida" mkipishana kwenye korido, hujapewa kitu. Mimi niliambiwa hivyo, na mwezi uliofuata nikakuta utoro mara nne kwenye jina langu. Kilichoniokoa ni ujumbe niliomtumia usiku uleule: "Asante Sajenti kwa kunikubalia nifanye drili tarehe 21." Alijibu kwa picha ya kidole gumba. Nilikichapisha kile kidole gumba kwenye karatasi, nikakipeleka kwa kamanda, na utoro ukafutwa.

Kuhusu ada, kuna vyungu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Cha kwanza ni posho ya GI Bill, mpango wa serikali wa kuwasomesha wanajeshi, ile ya askari wa akiba, sura ya 1606: unasaini miaka sita, unapata hadi miezi 36 ya malipo, na pesa inakuja kwako, haiendi chuoni. Chuo kinataka ada yake Agosti, posho yako inaanza kuingia baadaye, hivyo pengo hilo lipangie mapema. Cha pili ni Tuition Assistance, msaada wa ada wa jeshi lenyewe, ambacho hulipa chuo moja kwa moja hadi dola 250 kwa krediti. Hicho lazima kiombwe na kuidhinishwa kabla kozi haijaanza, na ukipata alama chini ya C kwenye shahada ya kwanza unakirudisha kutoka mfukoni mwako. Ukijitoa kwenye kozi kwa sababu ya kijeshi unaweza kuomba usidaiwe, ila ombi linahitaji mkono wa kamanda. Tarishi tena.

Ukiumia

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipopotea.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, tarehe 11, saa kumi jioni, tunapakua. Lori likifunguliwa ubao wa nyuma, ardhi iko mbali kuliko unavyodhani. Kanuni tunaijua sote: unageuza uso uelekee lori, unashuka polepole, mikono imeshika. Mimi mikono ilikuwa na turubai, na kila mtu alitaka kwenda kula. Nikaruka. Buti la kulia likatua nusu kwenye zege, nusu kwenye mtaro. Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia joto, kana kwamba mtu amenimiminia chai ndani ya buti.

Sajenti akanitazama, akasema kunywa maji, meza ibuprofen. Hiyo ndiyo tiba ya jeshi kwa kila kitu, kuanzia mafua hadi kuachwa na mchumba. Nikacheka. Jumapili nikajificha ofisini napanga mafaili, jioni nikaendesha gari kwa muda wa saa mbili kwenda nyumbani. Jumatatu asubuhi hata kiatu cha raba hakikuingia. Nikaenda hospitali, chumba cha dharura. Mtu wa mapokezi akauliza, "Umetokea wapi?" Nikajibu, "Nyumbani." Akaandika. Daktari akaangalia, akasema kifundo cha mguu kimeteguka na kano moja imechanika, akanipa magongo.

Wiki tatu baadaye nilipoomba nakala ya faili, nilikuta imeandikwa: mgonjwa aliteguka mguu nyumbani. Sentensi hiyo moja ilinila miezi minne. Bili ilikuwa kwa jina langu, kikosi kikiuliza kwa nini nawaletea jeraha la nyumbani.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Ukiumia, sema kabla hujaondoka kwenye eneo la drili, hata kama unaona aibu, hata kama wenzako wanakutania. Mwone mganga wa kikosi au sajenti wako, na uombe fomu ya mgonjwa ijazwe siku hiyohiyo. Waombe wawili walioona waandike maelezo mafupi na kusaini. Piga picha mguu, piga picha mahali. Ukifika hospitali, sentensi ya kwanza kinywani mwako iwe: "Niliumia Jumamosi, nikiwa kazini jeshini, nilipokuwa nikishuka kwenye lori." Halafu, kabla hujavaa koti, omba kuona walichoandika.

Karatasi hizo, pamoja na karatasi ya mahudhurio inayoonyesha ulikuwepo, zinaingia kwenye fomu DA 2173. Ndiyo inayofungua uchunguzi wa kama uliumia ukiwa kazini, wenyewe wanauita LOD. Bila LOD, kwa jeshi wewe ni raia mwenye mguu mbaya. Ukiwa nayo, matibabu ya jeraha hilo yanalipwa. Na ujue kwamba safari ya moja kwa moja kwenda drili au kurudi pia inahesabika kuwa kazini. Ukigongwa barabarani ukiwa njiani, ripoti vilevile. Ukiwa umepita kwanza kumsalimia shangazi, jiandae kwa maswali.

Jambo jingine ambalo sikuwahi kuambiwa: kwa ofisi ya maveterani, kilichokupata kwenye wikiendi ya drili kinahesabika kama ni jeraha. Ugonjwa ulioanza wikiendi hiyo, kwa kawaida, hauhesabiki, isipokuwa mshtuko wa moyo, moyo kusimama au kiharusi. Kwenye mafunzo ya wiki mbili ya kila mwaka, ugonjwa na jeraha vyote vinahesabika. Ndiyo maana maneno yana uzito. "Goti langu linauma" ni malalamiko. "Goti langu liligonga chuma cha lori tarehe fulani, saa fulani" ni jeraha.

Usiache kwenda drili kwa kuwa unachechemea. Daktari akuandikie vikwazo vya kazi, kikosi kivitambue, nawe uende ukakae kwenye kiti upange mafaili. Mguu mbovu hausimamishi hesabu ya utoro, ruhusa iliyoandikwa ndiyo inayoisimamisha.

Na chuo je? Mimi nilitaka kujitoa muhula mzima wiki ileile ya kwanza ya kuumia. Bahati nilipita kwanza ofisi ya misaada ya fedha. Mama mmoja pale akanifungulia kalenda, akahesabu kwa kalamu: ukijitoa kabla muhula haujafika asilimia 60, sehemu ya msaada wa serikali unahesabiwa kuwa hukuistahili, na inarudishwa. Kwa muhula wa wiki 15, asilimia 60 ni mwisho wa wiki ya tisa. Mimi nilikuwa wiki ya saba. Sikujitoa. Kozi mbili za nadharia nilimaliza nikiwa na magongo, na ile ya wodini, ambayo inataka kusimama kwa muda wa saa nane, mwalimu akaniwekea alama ya "haijakamilika" nikaimalizia Februari. Nenda pia ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, wala jina la ofisi lisikutishe. Barua yao inamfunga mwalimu kuliko machozi yako.

Ukiitwa kwenye utumishi kamili, yaani uwe askari wa kila siku, kwa zaidi ya siku 30 mfululizo, sheria ya shirikisho inataka chuo kikurudishe ukirudi, ukiwa na hadhi ileile ya masomo. Kwa wikiendi ya drili hakuna sheria kama hiyo. Hapo unategemea sera ya chuo na ile barua ya wiki ya kwanza.

Pesa

Mtego mkubwa ni huu: misaada mingi inayotangazwa ni ya askari walioko kwenye utumishi kamili. Ile riba isiyozidi asilimia 6 kwa madeni ya zamani ni ya aliyeitwa kwenye utumishi kamili, na lazima umwandikie mkopeshaji na kumtumia hati ya amri ya kukuita. Army Emergency Relief, mfuko ulioanzishwa 1942 unaotoa mikopo isiyo na riba, kwa askari wa akiba unahitaji uwe kwenye amri ya utumishi kamili ya zaidi ya siku 30 mfululizo. Mimi nilijaza fomu usiku kucha, ndipo nikausoma mstari huo.

Kinachokulinda hata kwa wikiendi ni USERRA, sheria ya 1994. Mwajiri lazima akuachie uende drili, na hawezi kukulazimisha utumie likizo yako. Kukulipa siku hizo, halazimiki.

Mguu uliponitoa ghalani niliomba malipo ya askari aliyeshindwa kazi, wanayaita INCAP. Wengi wanadhani ni ya asiyeweza kazi ya jeshi tu. La, hata ukiweza kazi ya jeshi lakini jeraha limekunyima kipato cha kiraia, unaweza kuomba. Wanataka hati za mshahara za kabla ya kuumia, barua ya mwajiri na ya daktari, na karatasi hizo unazirudia mwezi baada ya mwezi. Yakipita miezi sita, idhini inatafutwa juu zaidi. Anza kukusanya siku ya kwanza, maana malipo yenyewe yanachelewa. Na hata mshahara wa drili huchelewa, kwa hiyo usiupangie kodi ya nyumba ya mwezi huohuo.

Bili ya hospitali usiikimbie. Piga simu useme LOD inashughulikiwa, waombe waisimamishe. Kama hospitali ni ya kutotafuta faida, sheria ya kodi inawataka wawe na mpango wa kuwasaidia wasio na uwezo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Fomu hiyo hawakupi usipoitaja. Halafu nunua Tricare Reserve Select, bima ya askari wa akiba, ungali mzima. Kwa mtu mmoja ni dola hamsini na kitu kwa mwezi.

Kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo, usijiandike uko kwenye utumishi kamili kwa sababu ya mafunzo. Mafunzo hayahesabiki hapo. Lakini kipato kikishuka, omba ofisi ya misaada ikuangalie upya. Mimi nilipeleka hati tatu za mshahara na barua ya daktari.

Siku ofisi ya maveterani ikianza kukulipa fidia ya jeraha, kumbuka huwezi kuchukua fidia na mshahara wa drili kwa siku zilezile. Watakutumia fomu 21-8951 uchague. Wengi huachia fidia ya siku hizo kwa kuwa ni ndogo kuliko mshahara, lakini piga hesabu yako mwenyewe. Na kama drili iko zaidi ya maili 100 kutoka kwako na hurudishiwi nauli, kuna fomu 2106 ya kuitoa gharama hiyo kwenye kipato chako wakati wa kodi ya mapato. Mimi risiti za mafuta naziweka kwenye bahasha ileile yenye nakala za DA 2173, chini ya kiti cha dereva.