Mbuzi, sungura na kikundi cha watoto waliofiwa: namna ya kukiendesha

Kazi kubwa hufanywa na kikundi. Mnyama husaidia tu ulimi ufunguke. Mkisahau hilo, watoto watakuja kucheza na sungura na kurudi nyumbani na msiba wao vilevile.

Watoto 8 wanatosha kwa wawezeshaji 2. Wakizidi 10, wale wakimya hupotea. Wa miaka 8 hadi 12 wakae mbali na wa 13 hadi 17, maana kijana wa sekondari hatalia mbele ya mtoto wa darasa la tatu. Aliyefiwa juzi mwacheni kwanza na ndugu zake, arobaini ipite. Mpango wa Pamoja Tunaweza, wa kuwasaidia watoto waliofiwa na wazazi, uliofanyika Moshi (Tanzania) na Bungoma (Kenya), ulikuwa na vikao 12, kimoja kila wiki, vikiongozwa na washauri wasio wataalamu waliofundishwa na kusimamiwa. Walezi nao walikuwa na kikundi chao. Hilo la walezi msiliruke: mtoto akisema ya moyoni kikaoni, kisha nyumbani akaambiwa "jikaze", atanyamaza kotekote.

Kuhusu mnyama, mbwa ndiye anayesifiwa zaidi, ila huku kwetu watoto wengi humwogopa, na familia nyingi za Kiislamu hazitaki mate yake yamguse mtoto. Mbuzi jike mpole au aliyehasiwa anafaa zaidi; beberu ananuka na hupiga pembe. Sungura ni mzuri kwa wadogo, mradi ashikwe vizuri. Mtoto akae chini, kanga mapajani, mkono mmoja kifuani pa sungura na mwingine ubebe makalio. Asishikwe masikio kamwe: akining'inia hurusha miguu ya nyuma kwa nguvu, hata kujivunja uti wa mgongo. Baada ya dakika 15 arudi bandani. Akianza kupigapiga mguu wa nyuma chini, ana hofu, arudishwe mapema. Daktari wa mifugo awakague wanyama kwanza kama wana choa, upele au minyoo. Ulizeni nani ana pumu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada.

Kikao kisizidi dakika 90. Salamu na masharti (ya humu hayatoki nje, na asiyetaka kusema asilazimishwe), halafu moja kwa moja kwenye kulisha, kuchana manyoya na kubadilisha maji. Hapo ndipo maneno hutoka, kwa kuwa mikono ina kazi na hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Mwezeshaji aulize jambo dogo: "Nani alikuwa anakupikia chai asubuhi?" Kisha anyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Mnyama akishaondolewa, kaeni duara kwa shughuli moja tu, kama kisanduku cha kumbukumbu au barua kwa marehemu. Semeni "alikufa", msiseme "amesafiri". Mtoto humsubiri msafiri. Malizieni kwa mchezo na uji, wasirudi nyumbani macho mekundu.

Makosa ni mengi, la kawaida likiwa kumfanya mnyama zawadi ya aliyeongea. Baya zaidi ni mbuzi wa kikundi kuchinjwa sikukuu. Andikianeni na kamati tangu siku ya kwanza: hachinjwi, hauzwi, na fulani atamtunza likizo. Sungura hufa ghafla kwa joto au kuhara. Akifa, watoto waambiwe siku hiyohiyo na wamzike wenyewe. Msikimbilie kununua mwingine kuwanyamazisha.

Mtoto akisema anatamani kumfuata marehemu, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake, mlezi aitwe, apelekwe hospitali. Namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, bure, Tanzania na Kenya. Anayejikata, au aliyeacha kula na kulala kwa wiki kadhaa, naye apelekwe kwa mtaalamu. Anaweza kuendelea na kikundi huku akitibiwa.