Kompyuta ikikataa tovuti, tazama saa kwanza

Juni ikifika, saiba yangu hapa Langoni, Lamu, hujaa watu wa kufaili ritani za KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya tarehe 30. Ndipo kompyuta kongwe zinapogoma: pembetatu nyekundu, na onyo kwamba muunganisho si salama.

Usianze kulaumu bando. Tazama saa, tena tazama mpaka mwaka. Kila tovuti ya https ina cheti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani huu ni mwaka 2010 huona cheti cha leo hakijaanza kazi, ikakikataa. Chrome huandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Rekebisha tarehe, chagua majira ya Nairobi, ufungue upya.

Kama saa hurudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ya ndani imekufa. Kwenye kompyuta za mezani mara nyingi ni CR2032, ya duara kama sarafu. Zima, chomoa waya ukutani, fungua kasha, sukuma kibano kidogo cha pembeni mpaka betri iinuke. Mpya iingie alama ya + ikitazama juu. Kwa hewa yetu ya chumvi, futa kutu ya vishikizo kwanza. Laptopu mpelekee fundi.

Saa iko sawa na bado inakataa? Fungua tovuti ileile kwa simu mpya, kwa Wi-Fi ileile. Simu nayo ikikataa, kosa huenda ni la tovuti au la mtandao, subiri. Ikifungua, basi kompyuta yako ndiyo iliyozeeka.

Kuzeeka huko kuna maana yake. Kifaa hubeba orodha ya watoa vyeti kinaowaamini, na orodha husasishwa pamoja na programu. Tarehe 30 Septemba 2021 muda wa DST Root CA X3, cheti cha shina (cheti mama kinachothibitisha vingine) kilichotegemewa na tovuti nyingi zenye vyeti vya Let's Encrypt, mtoa vyeti wa bure, uliisha. Mrithi wake ni ISRG Root X1, na simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1, ambazo hazimtambui, zilipewa njia ya muda, nayo ikafungwa 2024.

Kwa hiyo sasisha mfumo, kisha kivinjari. Windows 7 Microsoft iliiacha Januari 2020, na Chrome yake iliishia toleo la 109. Hapo mimi huweka kivinjari kingine, Firefox 115 ESR, kwa sababu Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya watoa vyeti.

Nakuomba sana, mwenzangu: usibonyeze "endelea" kwenye ukurasa unaotaka nywila au pesa. Wala usiweke cheti ulichotumiwa na mtu kwa WhatsApp, maana mwenye cheti hicho anaweza kujifanya tovuti yoyote mbele yako.

Kompyuta isiyosasishika kabisa naitoa mtandaoni. Yangu moja sasa inachapa barua tu, na mafaili naipelekea kwa flashi.