Kusimamia madini ya damu kwa mgonjwa mahututi wa figo anayelishwa kwa mshipa

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa hufika wodini potasiamu na fosfeti zikiwa juu, kwa hiyo wengi wetu huanza kumlisha kwa mshipa bila madini hayo na kuona tumemkinga. Hatari ya pili hujificha hapo: sukari ya dripu huamsha insulini, nayo insulini huyasukuma madini ndani ya seli, hata yakaporomoka ndani ya siku chache, hasa kwa aliyekuwa amedhoofu kwa njaa.

Hatua ya kwanza ni kupima sodiamu, potasiamu, fosfeti, magnesiamu, kalsiamu na sukari kabla ya kulisha. Hapa Mbeya, Juni na Julai, sampuli iliyolala mezani kwenye baridi kabla chembe za damu hazijatenganishwa huvujisha potasiamu, kipimo kikasoma juu kuliko ukweli. Niliwahi kusomewa potasiamu ya milimoli 6.8 kwa lita; tulipotoa damu upya, bila kukaza mkanda mkononi kwa muda mrefu, na kuipeleka maabara papo hapo, ikasoma 4.9. Hata hivyo, mchoro wa moyo ukionyesha mawimbi ya T yaliyochongoka, dalili ya potasiamu kuzidi, usingoje jibu la pili: toa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10, taratibu mshipani.

Hatua ya pili, toa thiamini (vitamini B1) kabla ya sukari.

Hatua ya tatu, kwa mgonjwa aliyedhoofu, anza na kilokalori 10 kwa kilo kwa siku. Mwenye kilo 50 atapata 500, na utapandisha polepole kwa siku 4 hadi 7 ukifuata majibu ya damu.

Hatua ya nne ni kuamua madini yanayoingia kwenye mfuko wa chakula cha mshipani. Kama potasiamu imezidi milimoli 5.0 kwa lita na mgonjwa hasafishwi damu kwa mashine, usiiweke. Anayesafishwa damu mfululizo hupoteza fosfeti nyingi, hivyo yeye huhitaji kuongezewa. Kalsiamu na fosfeti zikizidi ndani ya mfuko hugandamana, kwa hiyo uachie mfamasia achanganye, kisha uinue mfuko kwenye mwanga uone kama kuna ukungu au chembe.

Hatua ya tano, rudia vipimo kila siku, na mara 2 hadi 3 kwa siku fosfeti inaposhuka chini ya milimoli 0.65 kwa lita. Hapo punguza kalori za chakula kwa saa 48, na ufidie fosfeti kwa dozi ndogo kuliko ya mwenye figo nzima, ukipima tena kabla ya kuongeza nyingine.