Jinsi ya Kupima Kama Safari Ndefu Inamlipa Dereva wa Teksi Mtandao

Nauli ya safari ndefu huvutia kwa sababu huonekana yote kwa mkupuo, ilhali gharama zake huja kidogo kidogo, na nyingine huwa hazijajitokeza hata abiria anaposhuka. Mwongozo huu unaeleza hesabu ambayo dereva wa teksi mtandao, yaani teksi inayoitwa kwa programu ya simu, anaweza kuiandaa mapema, ili ombi linapotokea kwenye simu, likiwa na sekunde chache tu za kulijibu, asiamue kwa kukisia. Msimamo wangu ni kwamba urefu wa safari peke yake hauonyeshi faida wala hasara. Kinachoamua ni namna utakavyorudi, na kile ambacho ungekipata katika saa hizo hizo kama ungebaki unapofanyia kazi kila siku.

Hatua ya 1: Fahamu gharama ya kila kilomita

Jaza tangi hadi juu, andika namba ya odometa (kihesabu kilomita cha gari), fanya kazi yako ya kawaida, kisha jaza tena hadi juu na ugawanye fedha uliyolipa kwa kilomita ulizotembea. Fanya hivyo mara moja kwa kazi ya mjini na mara nyingine kwa barabara kuu, kwa maana tofauti yake si ndogo. Gari la petroli au dizeli hutumia mafuta mengi zaidi kwa kila kilomita kwenye foleni, ambako injini hunguruma bila gari kusogea, kuliko kwenye barabara iliyonyooka na mwendo wa wastani. Gari la umeme huwa kinyume chake, kwa kuwa mjini kila linapopunguza mwendo hurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri, na nafasi hiyo ni adimu kwenye barabara kuu.

Mwendo nao una bei yake. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo gari linalokimbia kilomita 120 kwa saa husukumana na hewa kwa nguvu inayozidi kwa takriban asilimia 78 ile ya gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa. Dereva anayekimbilia kurudi mjini ili aokoe dakika kumi ajue kwamba anazinunua kwa mafuta.

Juu ya mafuta, ongeza oili, tairi, breki na uchakavu wa gari lenyewe, yaani thamani ambayo gari hupoteza kila kilomita zinapopanda. Uchakavu ndio madereva wengi huuacha, kwa sababu hakuna anayekuja kuudai mwisho wa wiki. Hudaiwa wote kwa pamoja siku ya kuliuza gari. Bima, leseni na malipo ya siku kwa mwenye gari usiviingize katika hesabu hii, kwa kuwa utavilipa uende safari ndefu au usiende. Ikiwa mkataba wako wa gari una kikomo cha kilomita na faini kwa zinazozidi, hapo faini hiyo ni gharama halali ya kila kilomita, na mara nyingi huimaliza hoja kabla hujafika hatua ya pili.

Hatua ya 2: Fahamu kipato chako cha saa moja, kwa vipindi

Wastani wa siku nzima hautakusaidia. Unachohitaji ni kipato halisi, baada ya kamisheni, yaani sehemu ya nauli inayochukuliwa na kampuni ya programu, na gharama za kilomita, kwa saa za pilikapilika za asubuhi na jioni, kwa saa za mchana zilizopoa, na kwa usiku. Chukua rekodi za wiki chache kutoka kwenye programu yako, ambayo kwa kawaida huonyesha muda uliokuwa hewani na mapato ya kila safari, kisha uzitenganishe kwa vipindi hivyo. Kumbuka kuingiza dakika za kusubiri na kilomita za kumfuata abiria, kwani hizo ni sehemu ya kazi ingawa hazilipwi au hulipwa kidogo.

Kama kuna bonasi ya idadi ya safari, iweke pembeni kwanza. Safari ya saa mbili huhesabiwa kuwa moja tu, sawa na ile ya dakika nane, na dereva ambaye amebakiza safari chache kuifikia bonasi anaweza kuipoteza yote kwa kukubali ombi moja lenye nauli kubwa.

Hatua ya 3: Hesabu mzunguko mzima, si kipande chenye abiria

Hapa ndipo hesabu nyingi hupotoka. Safari ndefu huanza pale unapokubali ombi na huisha pale unapokuwa tena mahali ambapo unaweza kupata kazi, si pale abiria anapofunga mlango.

Nitatumia namba tupu zisizo na sarafu, nawe uziweke zako. Tuseme ombi lina kilomita 80 na dakika 70, na mkononi mwako, baada ya kamisheni, litaacha 100. Abiria yuko umbali wa kilomita 6, ambazo ni dakika 12, na kupakia mizigo ni dakika 5. Ukirudi mtupu, yaani bila abiria, kwa njia hiyo hiyo, mzunguko mzima ni kilomita 166 na dakika 157, karibu saa mbili na dakika 37. Kwa gharama ya 0.25 kwa kilomita ya barabara kuu, gari limekula 41.5. Umebaki na 58.5, ambayo ni takriban 22.4 kwa saa.

Sasa linganisha na mjini. Katika saa ya pilikapilika unapata, tuseme, 34 baada ya kamisheni kwa kutembea kilomita 24, na kwa kuwa kilomita ya mjini inagharimu 0.30, unabaki na 26.8. Kwa muda ule ule wa dakika 157 ungebaki na takriban 70. Safari iliyoonekana nono imekupunguzia karibu 12, na gari limetembea zaidi ya mara mbili na nusu ya kilomita ambazo lingetembea mjini.

Hamisha ombi hilo hilo hadi saa za mchana zilizopoa, ambapo saa moja mjini inakupa 18 kwa kilomita 14, yaani 13.8 baada ya gharama. Kwa dakika 157 ungepata takriban 36, na safari ndefu yenye 58.5 inaipita kwa mbali. Nauli, njia na gari havikubadilika. Kilichobadilika ni saa ya ukutani tu.

Kutokana na hayo unapata kizingiti chako, yaani nauli ya chini kabisa, baada ya kamisheni, ambayo safari inapaswa kuifikia ili ikulipe. Zidisha gharama ya kilomita kwa kilomita zote za mzunguko, zidisha kipato halisi cha saa cha kipindi hicho kwa saa zote za mzunguko, kisha ujumlishe. Katika mfano wetu kizingiti cha saa za pilikapilika ni takriban 112, na cha mchana ni takriban 78. Kwa kuwa hakuna anayeweza kufanya hesabu hiyo huku simu ikilia, iandae nyumbani kwa umbali wa kilomita 40, 60, 80 na 120, andika vizingiti kwenye kikadi kidogo, na ukibandike karibu na kishikio cha simu. Ombi likija, jicho liende kwenye skrini, kisha kwenye kikadi, kisha kidole kiamue.

Kwamba kurudi mtupu ni gharama halisi si lalamiko la madereva peke yao. Kanuni za kima cha chini cha malipo kwa madereva wa teksi mtandao zilizoanza kutumika katika Jiji la New York mwaka 2019 ziliweka kiwango cha juu zaidi kwa sehemu ya safari iliyo nje ya jiji, kwa kuzingatia kwamba dereva huko hurudi bila abiria. Pale ambapo hakuna kanuni ya namna hiyo, kizingiti chako ndicho kinachofanya kazi hiyo.

Hatua ya 4: Chunguza uwezekano wa kupata abiria wa kurudi

Rudi kwenye mfano wetu wa saa za pilikapilika. Ukisubiri dakika 20 na kuzunguka kilomita 8, ukapata abiria wa njia ya kurudi ambaye nauli yake baada ya kamisheni ni 45, mzunguko unakuwa kilomita 174 na dakika 177. Mapato ni 145, gharama ni 43.5, na kipato kinapanda hadi takriban 34.4 kwa saa, juu ya kile cha mjini. Abiria huyo hakufika hata nusu ya nauli ya kwanza, lakini ameigeuza hasara kuwa faida.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kibali chako. Katika maeneo mengi dereva anaruhusiwa kumshusha abiria nje ya eneo la leseni yake lakini haruhusiwi kupakia huko, na hapo hesabu ya kurudi ni ya mtupu, bila matumaini ya ziada. Jambo la pili ni aina ya mahali. Uwanja wa ndege una abiria wa kurudi, ila una foleni ya madereva pia, na foleni ya saa moja inaweza kuizidi hasara ya kurudi mtupu. Mji mwingine mkubwa una soko lake lenyewe, na unaweza kufanya kazi humo ukisubiri safari ya kukurudisha. Kijiji, hoteli ya mapumziko au nyumba ya mtu mwisho wa barabara ya vumbi, hesabu kuwa mtupu.

Jambo la tatu ni mwelekeo wa watu. Wiki ya kazi inapomalizika watu hutoka mjini, na inapokaribia kuanza hurejea. Safari ndefu inayokwenda kinyume na mkondo huo humpeleka dereva kule ambako watu wanatoka, kwa hiyo abiria wa kurudi wapo. Inayokwenda na mkondo humwacha mahali ambako hakuna anayetaka kuondoka. Mimi huipa hoja hii uzito kuliko ukubwa wa mji.

Ukifika, tumia kichujio cha mwelekeo kama programu yako inacho. Uber, kwa mfano, humruhusu dereva kuweka anakoelekea, lakini kwa idadi ndogo ya mara kwa siku, kwa hiyo usikitumie asubuhi kwa jambo la kilomita tano. Jiwekee pia kikomo cha kusubiri kabla hujaondoka mjini, na kikifika, geuza gari. Dakika za kusubiri zina bei ile ile uliyoipata katika hatua ya pili.

Kupakia abiria wa njiani nje ya programu ni jambo jingine kabisa. Bima inayotolewa kupitia kampuni kwa kawaida hufungamana na safari iliyosajiliwa, na sehemu nyingi upakiaji huo unavunja masharti ya leseni. Ajali moja ya namna hiyo hula faida ya safari ndefu za mwaka mzima, na ndiyo maana siiweki kwenye hesabu hata kama kituo cha mabasi kimejaa watu.

Hatua ya 5: Zungumza na abiria kabla ya kuanza

Maneno machache ya simu au ya mlangoni yanatosha: anakwenda wapi hasa, ana mizigo kiasi gani, kuna vituo njiani, na atasubiriwa au la. Nauli iliyotajwa mapema huweza kuhesabiwa upya abiria anapobadilisha mwisho wa safari, lakini dakika za kusimama kununua vitu mara nyingi hulipwa chini ya thamani ya saa yako. Angalia pia tozo za barabara. Ile ya kwenda kwa kawaida huongezwa kwenye nauli, ya kurudi mara nyingi hubaki kwako. Ikiwa majibu yanaishusha safari chini ya kizingiti, pima kwanza kabla ya kuifuta, kwa kuwa kufuta ombi ulilokwisha kulikubali huweza kuandikwa kwenye rekodi yako; ombi lenye shaka ni bora kuliacha kabla ya kulikubali.

Hatua ya 6: Hesabu mwili na gari

Baadhi ya kampuni huweka mipaka ya saa. Nchini Marekani, Uber humfungia dereva kwa saa 6 baada ya saa 12 za kuendesha. Mipaka hiyo hupimwa na programu, nayo haioni kilomita unazorudi ukiwa umeizima. Kipimo kinachofaa zaidi ni kile cha Umoja wa Ulaya kwa madereva wa malori na mabasi, ambao hutakiwa kupumzika dakika 45 baada ya saa nne na nusu za usukani. Safari ndefu inayokuja mwisho wa zamu, hasa ile itakayokurudisha kati ya usiku wa manane na alfajiri, wakati usingizi una nguvu zaidi, mimi huikataa bila kutazama nauli.

Kwa gari, pima upepo wa tairi zikiwa zimepoa, kwani zikishapata moto kipimo hupanda na kukudanganya. Mwenye gari la umeme ahakikishe anajua mahali pa kuchaji kabla ya kukubali, na aingize muda huo kwenye mzunguko. Kuchaji kwa kasi hupungua sana betri inapopita takriban asilimia 80, hivyo kusubiri ijae kabisa huku kazi ikikupita ni gharama isiyo ya lazima.

Hatua ya 7: Andika kila mzunguko

Kwa kila safari ndefu andika saa ya kukubali, odometa ya kukubali, saa na odometa ya kurejea kazini, nauli baada ya kamisheni, na kama ulirudi na abiria au mtupu. Baada ya muda daftari litakuonyesha ni miji ipi hukurudisha na abiria na ipi hukurudisha peke yako, taarifa ambayo programu haitakupa. Bei ya mafuta ikibadilika, au ukinunua tairi mpya, rudia hatua ya kwanza na uandike kikadi upya.