Kubalansi maguruneti kwenye gemu ya risasi: demeji iguse mwisho

Ukiwapa watu gemu yako waijaribu, jioni hiyohiyo mmoja atakwambia maguruneti hayana kazi na mwingine atalalamika yanamuua kila akigeuka, na wote wawili wanasema kweli. Mi mwanzo nilikuwa nakimbilia namba ya demeji (uhai ambao mlipuko unampunguzia mtu), naishusha 150 iwe 120, kesho yake naipandisha tena, wiki inaisha hivyohivyo. Iache kwanza. Anza na muda, yaani yule aliyerushiwa ana nafasi gani ya kujiokoa.

Hatua ya 1: piga hesabu ya kukimbia

Chukua karatasi kabisa. Tuseme mchezaji ana uhai 100, anakimbia mita 5 kwa sekunde, na utambi (muda wa kusubiri mpaka lilipuke) ni sekunde 3 tangu guruneti litoke mkononi. Likikaa hewani sekunde 1.5 linabakiza 1.5, toa nusu sekunde ya kushtuka na kugeuka, anabaki na sekunde moja, sawa na mita 5. Sasa kama duara la kuua (hapo ambapo hata ukiwa mzima kabisa unakufa) linafika mita 6 kutoka katikati, aliyeangushiwa miguuni hana la kufanya hata awe fundi vipi, ila likiwa mita 3 anatoka na majeraha tu na kona aliyojibanza ameshaiacha, na hiyo ndo kazi ya guruneti, kumtoa mtu kwenye kona.

Angalizo: kama gemu yako inaruhusu kulishikilia mkononi huku utambi unaungua, hesabu yote hiyo imekufa, maana mtu atasubiri sekunde 1.5 ndo arushe na likitua tu linalipuka. Ukitaka kuiacha hiyo, basi iwe na gharama: asiweze kukimbia wala kupiga risasi, na akizidisha limlipukie mwenyewe.

Hatua ya 2: maduara mawili na mteremko katikati

Unreal Engine, programu ya kutengenezea gemu, inakupa hii tayari: demeji ya juu, demeji ya chini, duara la ndani, duara la nje, na namba ya mteremko, yaani demeji inashuka kwa kasi gani kutoka duara la ndani kwenda la nje. Weka 130 juu, 20 chini, ndani mita 2, nje mita 7. Mteremko ukiwa 1, aliyesimama mita 4.5 anakula 75. Ukiwa 2, mtu yuleyule mahali palepale anakula 47.5. Namba moja tu hiyo, na hujagusa demeji! Duara la kuua nalo limetoka kama mita 3.4 mpaka 2.7. Mi napenda 2, inamlipa anayerusha kwa kulenga na anayerusha ovyo haimlipi.

Hatua ya 3: kuta

Hapa nilichekwa. Kuna guruneti lilikuwa linatua katikati ya miguu ya mtu, linalipuka, jamaa anaendelea kutembea kama hakuna kitu. Kumbe kodi yangu (maelekezo niliyoiandikia kompyuta) ilikuwa inapiga mstari mmoja kutoka kwenye guruneti mpaka kifuani, kuangalia kama kuna ukuta unaomkinga mtu, na guruneti lenyewe limezama kidogo sakafuni, kwa hiyo mstari unaanzia ndani ya sakafu na kompyuta inaona "kuna ukuta", demeji sifuri. Pandisha mwanzo wa mstari sentimita 20 hivi, halafu piga mistari mitatu, kichwani, kifuani na miguuni. Ukipita mmoja tu mpe theluthi ya demeji. Aliyejificha nusu aumie nusu.

Hatua ya 4: onyo

Alama kwenye skrini ya aliyerushiwa ikionyesha upande guruneti lilipo, na mlio wa kudunda tofauti na milio mingine yote. Basi.

Hatua ya 5: idadi

Gemu ya Modern Warfare 2 ya 2009 ilikuwa na uwezo wa ziada unaoitwa One Man Army, ukibadilisha seti ya silaha unarudi na risasi kamili, na watu wakautumia kujaza kirusha guruneti cha chini ya bunduki bila kikomo. Tatizo halikuwa mlipuko wenyewe, lilikuwa bomba lisilokauka. Gemu ya Counter-Strike imefunga mlango huo kwa bei, guruneti la mlipuko linagharimu dola 300 za ndani ya gemu na unabeba moja tu. Kwako chagua njia, ila usiruhusu kujaza bila mtu kurudi nyuma au kupoteza muda. Na angalia sekunde 10 za mwanzo wa raundi, timu nzima ikirusha kwa pamoja kwenye njia ileile mtu anakufa kabla hajaona adui, hapo yafunge maguruneti kwa sekunde chache.

Hatua ya 6: sasa gusa demeji

Badilisha namba moja tu kwa kila jaribio, na seva (kompyuta inayoendesha mchezo) iandike kila kifo cha mlipuko: umbali, uhai aliokuwa nao, na sekunde zilizopita tangu alama itokee kwenye skrini yake. Wakifa wengi chini ya nusu sekunde, rudi hatua ya 1.