Kupanga safari ya boti ya kuona sokwe na watoto, kutoka Kigoma

Wazazi wengi wanaonipigia simu huanza na mnyama. "Kaka, tunataka kuona sokwe, tuko watano, bei gani?" Nami huwajibu kwa swali: huyo mdogo kabisa ana miaka mingapi? Ninapanga safari za boti za familia hapa Kigoma, na umri wa mtoto mdogo ndio unaoamua mwende hifadhi gani, mpande boti gani, mlale au mrudi, na nani atabaki ufukweni wenzake wakipanda mlima. Anzia hapo.

Hatua ya 1: Watazame watoto kabla ya kuuliza bei

Sokwe hawatazamwi kutoka kwenye gari. Unawafuata kwa miguu, nyuma ya mwongozaji, kwenye njia nyembamba yenye mizizi na miteremko. Gombe ni hifadhi ndogo lakini imesimama: kutoka usawa wa Ziwa Tanganyika hadi kwenye mgongo wa milima ni kupanda kama mita 800. Siku ya bahati mnawakuta bonde la Kakombe baada ya mwendo mfupi. Siku nyingine wamepanda juu, nanyi mnapanda, na hakuna wa kumbeba mtoto aliyechoka.

Kuna pia umri wa chini wa kuwafuata sokwe. Hifadhi ya Mahale, iliyo kusini, kwa kawaida ni miaka 12, na Gombe kiwango ni cha juu zaidi. Thibitisha na ofisi ya hifadhi yenyewe kabla hujalipa chochote. Dalali akikwambia "usijali, tutaongea na askari", muage hapo hapo. Mwaka 2002 sokwe dume aliyeitwa Frodo alimnyakua mtoto wa miezi 14 aliyekuwa amebebwa, humo humo Gombe, akamuua. Sokwe ni wawindaji. Hukamata mbega wekundu na kuwala, na mtoto mchanga hana tofauti kubwa na mbega machoni pao. Mzazi akilijua hilo hanisumbui tena kuhusu umri.

Kama watoto wako wamechanganyika, lala siku mbili. Siku ya kwanza baba apande na wakubwa, mama abaki na wadogo; siku ya pili wabadilishane. Gharama inaongezeka, ndiyo, lakini ni nafuu kuliko mzazi mmoja kusafiri mpaka Gombe akaishia kuona mchanga.

Hatua ya 2: Chagua kati ya safari tatu

*Gombe* iko kama kilomita 16 kaskazini ya mji, na haifikiki kwa barabara, ni boti tu. Ndiko mtafiti wa sokwe Jane Goodall alikofika Julai 1960, na ndiko alikomwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kulamba mchwa waliong'ang'ania. Wasimulie watoto kisa hicho nyumbani, kabla ya safari. Watafika wakitafuta vichuguu, na hata siku ambayo sokwe wako mbali watakuwa na kitu cha kutazama.

*Mahale* iko kusini, zaidi ya kilomita mia moja, nusu siku nzima kwa boti ya kasi. Ni pana (kilomita za mraba 1,613) na mlima Nkungwe unafika mita 2,462. Watafiti wa Kijapani walianza kazi huko mwaka 1965, kwa hiyo kundi linalotembelewa na wageni limezoea watu. Ni safari ya familia yenye vijana, siku kadhaa na mfuko mzito. Mtoto anayetapika hata kwenye daladala ya Ujiji usimpeleke.

*Ghuba ya Kigoma* ndiyo safari ambayo hakuna anayeniomba, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye watoto wa chini ya miaka kumi. Asubuhi mnakodi boti hadi ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga. Watoto wanavaa jaketi okozi na miwani ya kuzamia, wanaelea kwenye maji mafupi penye mawe. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamii ya perege, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kuna mama samaki wanaobeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Mtoto akimwona mmoja akitema vifaranga kisha akavirudisha mdomoni kwa kuogopa kivuli, habari ya sokwe inasahaulika. Kabla hawajaingia, waulize wenyeji kuhusu mamba, na uepuke midomo ya mito na maji yaliyotuama yenye majani, kwa sababu kichocho kipo katika baadhi ya fukwe. Mchana mnakula mgebuka wa kuchoma, jioni mnapita Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Imeisha, wote mnalala nyumbani.

Hatua ya 3: Kagua boti kwa macho yako

Boti za abiria za ufukwe wa Kibirizi, nje kidogo ya mji, ni za bei nafuu, na watu wa vijiji vya kaskazini huzitumia kila siku. Lakini zinajaa watu na mizigo, huondoka mchana na kurudi asubuhi, kwa hiyo ukizipanda kwenda Gombe jua kwamba unalala. Mimi familia yenye watoto huipa boti ya kukodi. Nenda siku moja kabla, uione ikiwa majini. Dai jaketi okozi za saizi ya watoto, uwavalishe papo hapo. Ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani akitumbukia. Uliza injini ya akiba iko wapi. Uliza cheti cha ukaguzi wa chombo. Nahodha anayekasirika kwa maswali haya anakusaidia kuamua.

Kuhusu majira: kati ya Mei na Oktoba njia za mlimani ni kavu, na kuelekea mwisho wa kiangazi sokwe mara nyingi hushuka karibu na ziwa. Ila miezi hiyo hiyo upepo wa kusi una nguvu. Ondokeni alfajiri.

Hatua ya 4: Sikiliza anachokuahidi mwenye safari

Mpangaji mwaminifu atakwambia hakuna uhakika wa kuona. Atakutajia saa moja tu pamoja na sokwe, kikundi cha watu wasiozidi sita, umbali wa mita 10, na barakoa. Anayekuahidi kwamba watoto watawagusa, watawalisha ndizi au watapiga nao picha, muage. Magonjwa yetu huwaua sokwe: mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakapooza. Mafua ya mtoto wako, ambayo kwako ni kamasi za siku tatu, kwao yanaweza kuwa msiba.

Hatua ya 5: Malipo

Kiingilio cha hifadhi hulipwa TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) kwa namba ya malipo, si taslimu mkononi mwa mtu. Beba kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtanzania hulipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, na mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima. Mwambie mpangaji atenganishe kiingilio, boti, mwongozaji na malazi. Bei iliyofungwa pamoja huficha mengi.

Hatua ya 6: Chakula na nyani

Watu hujiandaa kwa sokwe, kisha wanaibiwa na nyani. Nyani wa ufukweni Gombe wanaujua mfuko wa plastiki kuliko wewe. Kuleni ndani, mlango umefungwa, na mtoto asitembee na biskuti mkononi. Nyani akishachukua kitu, mwachie; usimkimbize, wala mtoto asipige mbio.

Hatua ya 7: Asubuhi ya kuondoka

Pitia watoto mmoja mmoja. Anayekohoa au mwenye homa hapandi mlimani, hata kama amelipiwa. Hili mkubaliane nalo usiku uliotangulia, na mwambie mtoto mwenyewe, maana asubuhi kwenye gati ataficha kikohozi chake. Kisha muulize nahodha ziwa linasemaje. Akisema limechafuka, ahirisheni mpaka kesho, na mpeleke watoto Katonga wakaone dagaa wakianikwa.